Mjane wa Mume Aliye Hai

Kijana wa ofisi ya bima alikuwa na adabu zake, siwezi kumsema vibaya. Alitupa shikamoo mmoja mmoja, akamvutia mume wangu kiti, na mimi akaniuliza kama mwanga wa dirishani unaniumiza macho. Ulikuwa unaniumiza. Akashusha pazia. Kisha akabonyeza kompyuta yake, akatazama, akabonyeza tena, akajikuna shingo.

"Mama, samahani sana," akasema. "Mfumo unaonyesha wewe ni mjane."

Mume wangu alikuwa amekaa pale pale ubavuni mwangu, goti lake linagusa langu.

"Mjane wa nani?" akauliza.

"Haisemi, mzee. Inasema mjane tu."

"Na mimi hapa ni nani?"

"Wewe uko sawa kabisa, mzee wangu. Mstaafu, umehakikiwa, uko hai."

"Asante sana," mume wangu akasema. "Nilikuwa nimeanza kupata wasiwasi."

Mimi nilicheka. Jamani, nilicheka mpaka nikajifuta macho kwa ncha ya kitenge, na macho yenyewe ndiyo yaliyotuleta pale. Sikujua bado kwamba kicheko kile ndicho cha mwisho nitakachocheka kwa habari hiyo.

Nieleze kwanza tulivyo. Mume wangu ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Watu wote wanamwita Mwalimu, na mimi namwita hivyo hivyo tangu tulipooana, hata tukiwa tunagombana. Alifundisha Namswea, akahamishiwa Mpepai, akamalizia shule moja ya upande wa Kigonsera. Mimi ni mtu wa ziwani. Nilizaliwa kwa Waanglikana huko chini, nikapandishwa milimani Mbinga kwa ndoa, nikawa Mkatoliki na mchuma kahawa karibu kwa siku moja. Sijawahi kuajiriwa. Kazi yangu ni jembe, na jembe halina kustaafu.

Alipokuwa kazini, bima yake ilinifunika na mimi. Alipostaafu kadi za zamani zikafa, wakaitwa wastaafu pamoja na wenza wao wakapigwe picha na kuchukuliwa alama za vidole. Yeye akaenda. Mimi nilikuwa shamba la mbali. "Utaenda siku nyingine," akaniambia, na unajua mambo ya siku nyingine yalivyo.

Haikuniuma, maana sikuwa mgonjwa. Ikaja kuniuma macho yalipoanza. Jicho la kushoto lilianza kama mtu anayetazama kupitia moshi wa jikoni. Nikawa napepesa, nikidhani moshi utaondoka. La kulia likafuata. Hospitali ya misheni waliniambia ni mtoto wa jicho, yote mawili. Daktari alisema operesheni yake si ya kutisha, mtu anaingia na kutoka na bandeji, wiki inayofuata anachambua mchele. Lakini akaniambia nisikawie, maana likikomaa kupita kiasi linaleta matatizo mengine, na hapo hata yeye hawezi kuniahidi kitu. Kwa kadi ya bima, nije tu. Bila kadi, ni hela ambazo hatukuwa nazo, na pensheni ya Mwalimu ina midomo mingi inayoisubiri kabla haijafika. Kwa hiyo tulikwenda ofisini kwa kitu kimoja tu, kadi ya mwenza. Nilitaka kuona. Sikuwa na shida nyingine na serikali.

"Inaonyesha mama ana kaya yake," yule kijana akaendelea, anasoma taratibu. "Kijiji cha huko chini, njia ya kwenda ziwani. Mkuu wa kaya ni mama mwenyewe. Kaya ya mtu mmoja. Anapokea ruzuku ya kaya maskini."

Hapo nikaacha kucheka, kwa sababu nilielewa.

Milimani kwetu ardhi imekwisha. Kila ukoo una ubavu wake wa mlima, unalimwa kwa ngolo, yale mashimo yetu ya kuzuia udongo usiteremke na mvua, na ndugu wakishagawana, kila mmoja anabaki na kipande ambacho ukikaa vibaya unamkalia jirani. Kwa hiyo wengi wana shamba la pili, mbali, kwenye mabonde. Mvua zikikaribia, mama wa nyumba anabeba jembe, sufuria na blanketi, anahamia huko. Analima, anapalilia, anafukuza nyani, anavuna, ndipo anarudi juu wakati wa kahawa. Baba anabaki na nyumba, kahawa na kazi yake. Ndivyo tunavyoishi. Hakuna anayeuliza.

Shamba letu la pili liko kwenye mteremko unaotazama Nyasa, kwa Wampoto, mahali ambapo hata usiku unalala bila blanketi. Nina kibanda changu huko, chumba kimoja na jiko la nje. Sitasema uongo, nilikipenda kibanda kile. Nilipika nilipotaka. Nikichoka nililala na miguu michafu. Asubuhi walipanda akina mama kutoka ufukweni na ndoo za usipa, dagaa wa ziwa letu, nanunua kikombe, napika na nyanya, nakula mwenyewe bila mtu wa kuniambia chumvi imezidi. Nilikuwa karibu na kwetu, nikisikia harufu ya ziwa upepo ukipanda. Ukiniuliza nilipumulia wapi katika ndoa yangu, nitakuambia nilipumulia huko.

Majirani walinipokea vizuri. Mwanzoni waliniuliza, "Na baba yuko wapi?" Nikajibu ukweli: "Yuko Mbinga." Wakaitikia "Aa," wakaacha. Kumbe kule, mwanamke aliyeachwa naye anasema hivyo hivyo. Yuko Mbinga, yuko Songea, yuko Dar. Na mwanamke aliyefiwa asiyetaka kuulizwa sana, naye anasema hivyo. Misimu ikaja na kupita, baba wa Mbinga haonekani hata kivuli, watu wakafanya hesabu zao wenyewe.

Siku wawezeshaji walipokuja kuandikisha kaya maskini, mimi nilikuwa juu nachuma kahawa. Jirani yangu, mama mmoja mwenye mdomo na moyo mkubwa sawasawa, akasimama mkutanoni akanisemea. Kuna bibi, akasema, anaishi peke yake kwenye kibanda, macho yake yanasumbua, hana mtu, mjane. Mkutano mzima ukaitikia ndiyo. Wakaenda kukiona kibanda, wakakikuta na tundu la paa, sufuria moja, kitanda cha kamba. Wakaniandika.

Niliporudi shamba alinikumbatia mlangoni. "Nimekuandikisha, dada! Usinishukuru!" Mimi nikadhani ni mpango wa wakulima wazee. Nikasimama foleni na wenzangu, nikabonyeza kidole, kikakataa, maana vidole vyangu vimelika kwa mpini. Wakajaribu vingine mpaka kimoja kikakubali. Hakuna aliyenisomea neno mjane. Nilimwambia Mwalimu, akasema, "Vizuri, serikali imekukumbuka kabla yangu." Alifikiri ametania.

"Basi niondoeni huko," nikamwambia yule kijana wa bima. "Sitaki ruzuku, nataka kadi."

"Mimi siwezi, mama. Namba moja ya kitambulisho haikai kwenye kaya mbili. Mpaka wakutoe huko, mfumo wangu hautakukubali kuwa mwenza wa mtu."

Mwalimu akatoa cheti cha ndoa cha kanisa, alikuwa amekifunga kwenye nailoni. Kijana akakisoma kwa heshima, akakirudisha kwa mikono miwili. "Hiki kinasema mlioana," akasema. "Sijakataa, mzee. Ila cheti ni cha zamani, na taarifa ya ujane ni mpya."

Tulirudi, na tulipofika kwenye migomba yetu Mwalimu akasimama.

"Umeniua," akasema.

"Nani kakuua? Mimi nilikuwa nachuma kahawa yako."

"Watu wote hao wanaamini nimekufa, na hukuwahi kuwaambia?"

"Niliwaambia uko Mbinga!"

Akatikisa kichwa kana kwamba mimi ndiye niliyeongea upuuzi. Nilikuwa na hasira naye hata sikuweza kula. Naye hakula. Tulikaa mezani tumetazamana na ugali unapoa.

Tulishuka wiki hiyo hiyo, yeye akiwa kwenye pikipiki ya mbele, mimi ya nyuma. Ilikuwa mara yake ya kwanza. Naomba ulielewe hilo, maana hata mimi nilikuwa sijalielewa hadi nilipomwona anashuka pale kwenye njia panda na kugeuka kuniuliza, "Sasa tunaelekea wapi?" Mwanzoni alikuwa na darasa. Likizo alikuwa na kahawa. Halafu alikuwa na magoti. Kila msimu alinisindikiza mpaka kituoni, akanipakiza mizigo, akasema nimsalimie nyani. Mimi mwenyewe sikuwahi kumwita. Nimesema tayari kwamba nilikipenda kibanda.

Mtendaji wa kijiji alitusikiliza, akatuhurumia, akasema hana uwezo. "Aliyekuingiza ni mkutano wa kijiji, mama. Atakayekutoa ni mkutano. Mje Alhamisi, mwezeshaji atakuwepo."

Mkutano ulifanyika darasani, shule ya msingi ya pale. Mwalimu alivaa koti lake jeusi la kustaafia, akanyoa, akapaka mafuta viatu. Nilijua anachofikiria. Alifikiri atasimama mbele ya ubao kama alivyosimama maisha yake yote, aseme mara moja, na darasa litaelewa.

Akasimama. Akajieleza kwa Kiswahili chake kilichonyooka. Yeye ndiye mume halali wa mama huyu, yuko hai kama wanavyomwona, pamekuwa na makosa ya nia njema, wanaomba yarekebishwe. Akaweka cheti mezani, akakunja mikono.

Mwezeshaji, mwanamke mmoja mwenye sauti ndogo, akawageukia watu. "Haya, wanakijiji. Kaya ni watu wanaopika pamoja na kula pamoja. Nani anamfahamu mzee huyu? Nani amewahi kumwona nyumbani kwa mama?"

Nilisikia mtu anakohoa. Nilisikia madawati yanalia. Nilimtafuta jirani yangu kwa macho yangu mabovu nikaona kanga yake, nikaona ameinama. Jamani, nililima na watu wale. Nilizalisha binti zao, nilizika nao wazee wao, walinichangia mbegu mwaka mvua zilipokatika. Hakuna mkono ulionyanyuka.

Mzee mmoja wa kamati ndiye aliyesimama. "Mama tunamjua," akasema. "Mama ni wetu. Huyu baba tunamwona leo. Sisi hatukatai kwamba anaongea vizuri. Lakini siku hizi kuna wanaume wanaosikia mjane ana kitu kidogo, ana shamba, wanakuja na koti. Tusije tukamkabidhi mama yetu kwa mtu tusiyemjua."

Watu wakapiga makofi. Walinipigia makofi mimi! Walikuwa wananilinda. Mwalimu akawaka: "Mimi nimefundisha watoto wa wilaya hii mpaka nikazeeka!" Sauti kutoka nyuma ikamjibu, "Wa kwetu hujamfundisha, baba." Nikamwona ananywea mle ndani ya koti. Ungedhani ningemhurumia. Sikumhurumia hata chembe. Nilisimama pale moyo unanichemka, nikijiambia, unaona sasa? Unaona mahali nilipokuwa miaka yote hii? Halafu nikakumbuka kwamba anayepoteza macho ni mimi, siyo yeye.

Yule mwezeshaji akatafuta njia. Alisema uamuzi usitolewe kwa haraka. Mzee akae kijijini na mama, wapike pamoja, wale pamoja, watu wamfahamu. Mkutano ujao wanakijiji wataulizwa tena. Mkutano ujao ulikuwa baada ya mavuno.

"Baada ya mavuno!" nikasema. "Na macho yangu je?"

"Pole, mama," akasema, na nilisikia kwamba kweli amesikitika.

Hivyo ndivyo mume wangu alivyohamia kibandani kwangu, na hivyo ndivyo nilivyokosa hewa. Chumba ni kimoja, kitanda kile kile cha kamba, mtu mwenyewe mrefu na anakoroma. Hakujua maji yanatekwa wapi. Hakujua mlango unafungwa kwa kuuinua kwanza. Alipalilia akakata mahindi akaacha magugu. Aliniambia chumvi imezidi. Kila nilipogeuka nilimgonga, na kwa kuwa nilikuwa sioni vizuri, nilimgonga kweli kweli, kichwa kwa kidevu. Kurudi juu tusingeweza, maana tungeonekana tumekimbia. Kuachana hata siku mbili tusingeweza, maana watu walikuwa wanatazama. Jirani alipita asubuhi na jioni, akichungulia jikoni, "Mmeshapika?" Na sisi, wazee wazima, tunajibu kwa pamoja, "Tumepika!"

Tuligombana mno. Siku moja nilimrushia kata ya maji. "Uliniacha huku!" nikampigia kelele. "Wamekuzika kwa sababu hukuwepo!"

"Hukuniita," akasema.

"Mume anaitwa?"

Alitoka akaenda kukaa kwenye gogo, akitazama ziwa. Alipoingia alisema, "Mimi nilidhani unapenda kukaa peke yako." Na ni kweli, nilipenda. Nikampa ugali wake. Kulikuwa na usipa siku hiyo, nadhani.

Huku moshi wa macho unazidi. Nilianza kuhesabu kwa vidole vitu nilivyopika, nikaonja kila kitu mara mbili. Nilijikata kidole nikidhani ni nyanya. Njia ya kisimani nilikuwa naijua kwa miguu, basi nikafumba macho kabisa, ikawa afadhali. Jicho la kushoto lilibakiwa na mwanga tu, la kulia lilinionyesha watu kama nguo zilizoanikwa, rangi bila sura. Mwalimu aliona. Akawa anatangulia njiani, anaondoa mawe kwa ncha ya kiatu. Akaanza kwenda kisimani mwenyewe. Wanawake wakamcheka, kisha wakamzoea. Akaanza kupika uji, mabonge matupu, anautetea kama amri ya kumi na moja. Jioni watoto wa majirani wakawa wanakuja na madaftari, anawafundisha hesabu za sehemu uani kwa kijiti cha kuchorea mchangani. Yule mzee wa kamati akaanza kupita kuongea naye habari za kahawa. Mazishi yalipotokea mtaa wa pili alichimba kaburi na wanaume wenzake, na magoti yake yale, akarudi akaumwa siku mbili. Watu wakaja kumpa pole. Walimwita Baba Mbinga.

Nikaanza kutumaini. Siwezi kukuficha, nilitumaini vibaya sana. Nililala namwaza yule daktari wa misheni, naiwaza ile bandeji, nauwaza mchele nitakaouchambua. Nilimuuliza Mwalimu kila siku tumebakiza muda gani, mpaka akaniambia nimwonee huruma.

Siku ya mkutano wa pili niliamka kabla ya jogoo. Tulikwenda mapema, nikaketi dawati la mbele ili nisikie, Mwalimu akaenda kukaa nyuma na wanaume wenzake. Mwezeshaji alikuwa mwingine, mwanamume mwenye haraka, amekuja na kishikwambi na ratiba ndefu. Alisomewa habari yetu. Akauliza kama alivyouliza yule wa kwanza: nani anamfahamu mume wa mama huyu?

Ungeisikia hiyo kelele! Mikono ilisimama mpaka nikasikia upepo wake. Jirani yangu alisimama juu ya benchi. "Tunamfahamu! Anapika uji mbaya kuliko wote kijijini!" Darasa likalipuka. Mzee wa kamati akathibitisha, akasema yeye ndiye aliyempinga mwanzo, na leo anajisahihisha mbele ya watu. Mimi nilikuwa nalia. Nilijiambia, imekwisha, mama, imekwisha.

Mwezeshaji akangoja watulie. Alisema amefurahi, ila kwenye kazi yake amekutana na vijiji vinavyopanga kusema jambo moja. Anataka kitu kidogo tu cha kujiridhisha, dakika moja, kisha anaandika. Akawaambia wanaume wote waliokuwa nyuma wasimame ukutani, wanyamaze, asitoe mtu sauti. Nikasikia viatu vinasogea. Kisha akanigeukia.

"Mama, njoo hapa mbele. Mume wako ni yupi kati ya hawa? Mnyooshee kidole."

Nyuma ya darasa lile kuna madirisha, na jua la asubuhi lilikuwa limeingia lote. Nilitazama. Niliona weupe, na ndani ya weupe wanaume wamesimama kama miti wakati wa ukungu. Nikalifumba la kushoto, nikalikaza la kulia. Nilisogea hatua moja, akaniambia nisisogee. Nikamtafuta kwa urefu, wawili walikuwa warefu. Nikalitafuta koti, nikaona jeusi. Nikasema moyoni, ndiye. Ndiye, anavyosimama hivyo, ndiye. Nikanyoosha kidole.

Watu wakacheka kidogo, wakidhani natania. Halafu kicheko kikakatika.

"Una uhakika, mama?" akauliza mwezeshaji.

Sikuwa na uhakika. Nikakihamisha kidole.

"Haoni!" jirani yangu akapiga ukelele. "Haoni huyu mama, si ndicho alichowaambieni tangu mwanzo!" Wengine wakadakia, darasa lote likawa linasema kwa wakati mmoja, na katikati ya zogo lile nikasikia kishikwambi kinafungwa, ile sauti yake ndogo ya kifuniko.

"Tutaliangalia mkutano ujao," akasema.

Nilikuwa bado nimenyoosha mkono. Mtu alitoka ukutani, akavuka darasa, akaushika ule mkono akaushusha taratibu. Kiganja kilikuwa na malengelenge ya jembe, ndiyo maana sikukijua upesi.

"Ni mimi," akasema. "Nilikuwa huku mwisho."